Una digrii, sawa. Jumatatu asubuhi utafanya nini?

Joho umesharudisha. Ile picha umerusha kofia juu na mama anacheka nyuma yako, umeiweka kwenye statasi mpaka saa zake 24 zikaisha. Mjomba aliyeleta mbuzi amerudi kwake. Sasa umebaki wewe, bahasha ya kaki, na lile swali unaloulizwa na kila mtu plotini ukipita na mtungi wa maji: "Umepata kitu?"

Nakuandikia wewe. Na kabla hujaniuliza mimi ni nani wa kukufunza mambo ya kazi, acha niseme mwenyewe: sina digrii. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, nikabaki Nairobi kwa sababu kurudi nyumbani bila cheti ni kugumu kuliko kutafuta nauli. Nikapata kibarua kwenye saiba moja hapa katikati ya jiji, juu ya duka la simu. Kazi yangu ilikuwa kuchapa, kuskani, kutoa nakala, kujaza fomu za KRA na HELB, na kuandika wasifukazi. Kwa miaka miwili nilichapa CV za watu waliomaliza kozi ileile niliyoiacha.

Kwa hivyo mambo ya kuhitimu siyajui. Lakini najua vizuri sana kile wahitimu huandika kujihusu. Na najua nani alirudi kuninunulia soda akisema amepata kazi, na nani alirudi kutoa nakala nyingine 10.

CV mia moja, mtu mmoja

Ukikalia kile kiti wiki moja tu utashangaa. Ni kama unachapa mtu yuleyule kila siku. Wote ni wachapakazi. Wote wanaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Wote wanapenda kusoma, kusafiri na kupata marafiki wapya. Wadhamini ni watatu: mhadhiri, pasta na chifu. Alama za KCPE ziko, dini iko, hata hali ya ndoa iko. Kitu ambacho hakipo ni jambo moja tu ambalo huyo mtu amewahi kulifanya kwa mikono yake.

Nikimuuliza mtu, "Kwenye atachimenti ulifanya nini?" ananijibu, "Nilikuwa idara ya fedha." Buda, hapo umeniambia ulikuwa umeketi wapi, hujaniambia ulifanya nini! Ukimchimba zaidi unagundua alipanga risiti za mwaka mzima, akakuta malipo mawili yamelipwa mara mbili, na mkubwa wake akamshukuru mbele ya watu. Hiyo ndiyo CV yenyewe. Lakini yeye anaona hiyo ni kazi ya kutumwa tu, haistahili kuandikwa.

Kuna jambo jingine, na hili naliandika kwa aibu. Mwanzoni nilikuwa nafurahia kidogo. Mtu anakuja amefuzu vizuri, lakini hajui kuambatisha faili kwenye barua pepe, na nywila ya akaunti yake ameisahau. Mimi namsaidia huku moyoni nacheka: kumbe hata waliomaliza hawakufika mbali! Furaha hiyo ya kijinga iliisha siku aliyoingia Meneja.

Dakika 20 za Meneja

Meneja si jina lake. Ni jina alilobandikwa kijijini kwao alipopata shahada ya biashara, kwa sababu mama yake alitangaza kanisani kwamba mwanawe sasa ni meneja. Chuoni tulikuwa chumba kimoja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Niliondoka, yeye akamaliza. Kisha akapiga lami mwaka mmoja na miezi mitano.

Siku hiyo aliingia saiba saa kumi na moja jioni, tai iko mfukoni, suti ya kuazima imejaa vumbi la Industrial Area. Alikuwa ametoka kwa mahojiano kwenye kampuni moja ya kusambaza bidhaa. Aliketi kwenye mashine namba nne bila kuiwasha.

Aliniambia hivi. Walikuwa watu watatu kwenye jopo. Mmoja akamuuliza: "Tukikuajiri leo, Jumatatu asubuhi ukifika hapa utatufanyia nini?" Meneja akasema yeye ni mchapakazi na anajifunza haraka. Mama mmoja akatikisa kichwa polepole, akamgeuzia kipakatalishi. Ndani kulikuwa na faili ya mauzo ya miezi sita. "Una dakika 20. Tuonyeshe wateja ambao madeni yao yamepita siku 60, na jumla ni ngapi."

Elewa kwamba huyu msee amesoma uhasibu miaka minne. Mambo ya madeni ya wateja anaweza kukuandikia kurasa mbili bila kuinua kalamu. Lakini mitihani yake yote aliifanya kwa kalamu hiyohiyo. Alianza kushuka mstari kwa mstari, akihesabu kwa macho na kuandika kwenye karatasi. Muda ulipoisha hakuwa amefika hata nusu ya faili.

"Unajua kilichoniuma?" aliniuliza. "Jibu nilikuwa nalijua. Kulitoa ndiko sikujua."

Sikucheka siku hiyo. Nilimnunulia chai na mandazi pale kibandani, nikafikiria zile CV zote nilizochapa. Wengi wenu mnajua. Ni hapo kwa kulitoa ndipo mnakwama, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwaambia mlitoe.

Tulichofanya usiku

Saiba ilikuwa inafungwa saa mbili usiku. Nilimwomba mwenyewe atuachie mashine moja mpaka saa tatu u nusu, akakubali bora tusichezee printa. Excel nilikuwa naijua, na si kwa sababu mimi ni mjanja. Ni kwa sababu hesabu za saiba zilikuwa juu yangu, na nikikosea zinakatwa kwa mshahara wangu. Hiyo hukufunza haraka kuliko mhadhiri yeyote.

Kwa wiki mbili tulifanya mambo manne tu: kupanga orodha kwa tarehe, kuchuja, kujumlisha kwa masharti kwa ile fomula ya SUMIF, na kutengeneza pivot table. Hatukugusa kitu kingine. Mazoezi tulifanyia taarifa zetu wenyewe za M-Pesa. Unapiga *334# ama unaingia kwenye aplikesheni, unaomba taarifa, inaletwa kwa barua pepe. Tukaihamisha kwenye Excel, tukajiuliza maswali: mwezi huu pesa nyingi ilienda wapi? Nani nilimtumia zaidi? Meneja akagundua Fuliza inamla kila wiki, pesa ambayo ingetosha nauli ya mahojiano mawili. Alinyamaza kwa muda.

Kisha tukatafuta kazi ya mtu mwingine. Kwao Kayole kuna mama wa duka la jumla mwenye daftari tatu za madeni. Meneja alimwendea kwa heshima: "Mama, niruhusu nikuwekee haya madeni kwenye tarakilishi bure. Nikimaliza, nitaomba tu nionyeshe waajiri nilivyofanya, na majina ya wateja wako nitayatoa." Hilo la majina usilichukulie mchezo. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata bila sheria, madeni ya watu si ya kutembezwa.

Ilimchukua wikendi nne. Alipomaliza alimketisha mama na kumwonyesha karatasi moja: wateja watano peke yao wanashikilia zaidi ya nusu ya pesa yote aliyokopesha, na wawili kati yao bado wanachukua mali kila wiki. Mama aliitazama ile karatasi, akasema, "Nilikuwa nahisi. Sikuwa nimeona." Meneja alilipwa unga, mafuta ya kupikia na dazeni ya sabuni. Na akapata kitu cha kusema Jumatatu asubuhi.

Sasa zamu yako

Hii hapa njia yetu, nimeipanga vile ningempangia mtu aliyekuja saiba na Sh100 na muda wa kusikiliza.

Kwanza, soma matangazo 20 ya kazi kabla hujatuma ombi hata moja. Ingia BrighterMonday, MyJobMag, ama kurasa za kampuni unazozitaka. Chagua matangazo ya kazi ya aina moja, ile unayoitaka, kisha chukua daftari na uandike kila stadi inayotajwa. Ikirudi, weka alama. Ukimaliza, zile tatu zenye alama nyingi ndizo silabasi yako mpya. Usiniambie huna bando za kutosha. Matangazo ni maandishi tu, hayali data kama video.

Pili, shika stadi moja mpaka ionekane. "Kuijua kompyuta" si stadi. "Nikipewa orodha ya mauzo naweza kukutolea ripoti ya wadaiwa" ni stadi. Kama ulisoma uanahabari, iwe ni kuhariri sauti ya dakika tano ikasikika safi. Kama ulisoma kilimo, iwe ni kumwandikia mkulima ratiba ya chanjo ya kuku. Ijaribu kwa swali lilelile: naweza kuifanya Jumatatu asubuhi, mtu akinitazama, bila kumpigia rafiki simu?

Tatu, tafuta tatizo la mtu wa kweli. Liko karibu kuliko unavyodhani. Chama cha mama yako kina mweka hazina anayeandika kwenye daftari la mraba. Kinyozi wako anapoteza wateja kwa sababu hana orodha ya miadi. Timu ya mtaa haina mtu wa kuandikia wafadhili barua. Omba kazi ndogo, yenye mwanzo na mwisho.

Nne, andika CV yako kwa vitenzi. Toa "mchapakazi". Weka ulichofanya, kwa nani, na kilichotokea. Linganisha hizi mbili. Ya zamani: "Nina ujuzi wa uhasibu na kompyuta." Ya sasa: "Nilihamisha madeni ya duka la jumla kutoka daftari tatu hadi Excel, nikatambua wateja watano walioshikilia zaidi ya nusu ya mkopo wote." Ya kwanza nimeichapa zaidi ya mara mia. Ya pili niliichapa mara moja, na nitakuambia ilivyoenda.

Na tafadhali, toa alama za KCPE. Toa dini. Kama anwani ya barua pepe uliifungua ukiwa kidato cha pili na ina maneno ya mapenzi, fungua nyingine leo.

Tano, jifunze kuandika ujumbe mfupi. Nimeona watu wakituma CV kwa barua pepe isiyo na neno hata moja ndani. Mwajiri anafungua, anakuta faili linaitwa "CV mpya mpya ya mwisho 3". Wewe ungelifungua? Andika mistari minne: unaomba kazi gani na uliiona wapi, umewahi kufanya nini kinachofanana nayo, umeambatisha nini, na unapatikana kwa namba gani. Faili lipe jina lako na jina la kazi. Kisha jitumie mwenyewe kwanza, ufungue kwenye simu uone kama linasomeka.

Sita, zoea kuongea. Washa kinasa sauti kwenye simu, jiulize swali, jibu kwa dakika mbili, halafu jisikilize. Inauma, najua. Mara ya kwanza Meneja alisikia "yaani" 19 ndani ya dakika mbili, akazima. Jibu zuri lina sehemu tatu: hali ilikuwaje, wewe ulifanya nini, mwisho wake ukawa upi. Sema "nilifanya". Ukisema "tulifanya" mwanzo hadi mwisho, jopo halitajua kama ulikuwepo.

Milango isiyolipishwa

Kuna mahali pa kuanzia ambapo huhitaji pesa nyingi. Ajira Digital, mpango wa serikali ulioanza mwaka 2016, hufunza vijana kazi za mtandaoni bila malipo na una vituo sehemu mbalimbali nchini. Tume ya Utumishi wa Umma, PSC, ina mpango wa mafunzo kazini wa miezi 12 kwa wahitimu, wenye posho ya kila mwezi. Nafasi hutangazwa kwenye tovuti yao, kwa hivyo ifuatilie mwenyewe, usingojee mtu akutumie kwenye kundi la WhatsApp siku ya mwisho. Na kama mikono yako inajua kazi, kama umeme, ushonaji ama umekanika, NITA hufanya mitihani ya ufundi kuanzia Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza. Usione haya ati una digrii. Cheti cha fundi hakiifuti.

Sasa upande wa wakora. Ukiambiwa utume pesa ndiyo uitwe kazini, iwe ni ya "fomu", ya "sare" ama ya "daktari", hiyo si kazi. Wakala halali wa ajira husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na unaweza kuuliza huko. Nimeona kijana akilia kwenye saiba yetu baada ya kutuma Sh3,000 alizokopa kwa dadake.

Na zile karatasi za kuthibitisha huna doa? Cheti cha polisi cha tabia njema peke yake ni Sh1,050, bado hujaenda HELB na kwingineko. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwajiri asikudai vyeti hivyo kabla hajaamua kukupa kazi. Kwa hivyo usiviharakie kama bado uko kwenye hatua ya kuomba. Tumia hiyo pesa kwa nauli.

Tukiwa hapo kwa HELB: mkopo huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na ukinyamaza, faini ni Sh5,000 kila mwezi. Kukosa kazi hakusimamishi hesabu. Ongea nao mapema.

Lakini usifanye kazi ya bure milele. Kazi ya kujitolea iwe na tarehe ya kuisha, angalau nauli, na barua mkononi ukiondoka. Ikipita miezi mitatu na bado unaambiwa "subiri kidogo, tunaona vile unafanya", washaona. Wamependa bei.

Sitakudanganya

Stadi haziumbi nafasi za kazi. Kuna mahali utaenda ukiwa umejiandaa kabisa, na nafasi ilishapewa mpwa wa mtu wiki iliyopita. Hiyo si makosa yako, na mtu yeyote anayekuambia kila asiye na kazi ni mvivu, hajawahi kukaa kwenye kiti changu na kuona mtu akihesabu sarafu ili atoe nakala moja zaidi.

Tena, takwimu za serikali kwa miaka zimeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya kazi nchini ziko kwenye sekta isiyo rasmi. Maana yake, huenda mwajiri wako wa kwanza akawa mama wa duka la jumla, mwenye karakana, ama kijana mwenzako mwenye kampuni ya watu wanne. Huyo hana muda wa kusoma cheti chako chenye muhuri. Ana tatizo, na anataka kujua kama unaweza kulitatua. Ndiyo maana lile swali la Jumatatu litakufuata kokote.

Meneja alituma ile CV mpya mara 14. Alijibiwa mara tatu. Mara ya kwanza hakuitwa tena. Mara ya pili nafasi iliondolewa. Mara ya tatu ilikuwa kampuni ya vifaa vya ujenzi, na walipomuuliza amewahi kufanya nini, alifungua simu akawaonyesha ile karatasi ya mama wa duka, majina yakiwa yametolewa. Walimpa mkataba wa miezi mitatu, ukaongezwa. Si umeneja. Ni karani wa mauzo, na mshahara ukitoa kodi ya nyumba na nauli haubakishi mengi. Mama yake bado hutangaza kanisani vilevile.

Wiki ya kwanza kazini alinitumia ujumbe: "Wametaka wadaiwa wa siku 60. Dakika 8." Dakika chache baadaye akatuma mwingine: "Na wewe je? Lini unarudi kumaliza?" Bado sijamjibu huo wa pili. Lakini juzi niliingia kwenye tovuti ya chuo nikaangalia deni langu ni ngapi, kitu ambacho sikuwa nimethubutu kufanya tangu nitoke.

Kwa hivyo tufanye hivi. Leo usiku, wewe chukua daftari na usome yale matangazo 20. Ukilala uwe na stadi moja umeipigia mstari. Kesho tafuta mtu mmoja mtaani mwenye tatizo linalofanana nayo, umsalimie vizuri, umwombe akuruhusu ujaribu. Halafu mtu akikuuliza tena plotini kama umepata kitu, utakuwa na la kumjibu hata kabla ya barua ya kazi kuja.